Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: tovuti ya biashara yako ya Kigoma ionekane Google

Natengeneza na kutunza tovuti za biashara ndogo hapa Kigoma na Ujiji: wauzaji wa dagaa na mawese, wenye gesti, maseremala, watu wa boti za kwenda Gombe. Maswali haya naulizwa kila wiki, mengine nikiwa nimekaa kwenye fremu ya mtu huku anahudumia wateja, mengine kwa ujumbe wa sauti usiku baada ya duka kufungwa. Nimeyajibu kama ninavyowajibu wenyewe.

Tovuti yangu inafunguka vizuri. Mbona nikitafuta Google siioni?

Kufunguka ni jambo moja, kuwemo Google ni jambo jingine. Google ina programu iitwayo Googlebot ambayo hupita mtandaoni usiku na mchana, inafuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, inasoma ilichokuta, halafu Google inaamua kama ukurasa huo uwekwe kwenye faharasa yake, yaani orodha ya kurasa inazozijua. Mteja wa Dar akiandika "mawese ya Kigoma", majibu anayoyaona yanatoka kwenye faharasa hiyo. Ukurasa ambao haumo hautatokea, uwe mzuri namna gani.

Kujua kama umo, nenda Google uandike site: kisha anwani ya tovuti yako, vyote bila kuacha nafasi. Kurasa zako zikijitokeza, umo, na shida yako ni nafasi unayokaa kwenye matokeo. Usipoona hata mmoja, mara nyingi tovuti ni mpya na hakuna ukurasa wowote mtandaoni wenye kiungo cha kuja kwako, au kuna kitu kinaizuia Google mlangoni.

Hili la pili naliongea kwa uchungu kwa sababu lilinitokea mimi. WordPress, programu ya kujengea tovuti, ina kisanduku kwenye mipangilio ya usomaji kinachoziambia injini za utafutaji ziache kuiweka tovuti kwenye faharasa. Mafundi hukitia alama ya vema wakati wa ujenzi, ili kurasa ambazo hazijakamilika zisionekane. Nilikitia alama kwenye tovuti ya gesti moja, kazi ikaisha, nikakabidhi, nikasahau kukiondolea. Mwenye gesti alikaa miezi miwili akiamini watu hawavitaki vyumba vyake. Tangu hapo sikabidhi kazi bila kufungua kile kisanduku mbele ya mteja aone mwenyewe kuwa kiko wazi. Nawe mwambie fundi wako akuonyeshe. Kama tovuti haikujengwa kwa WordPress, muulize kama kuna kurasa zenye neno noindex, linaloiambia Google isiziweke kwenye faharasa, na kama faili la robots.txt, linaloelekeza Googlebot ipite wapi, limefunga njia.

Google Search Console ni ya kulipia?

Ni bure. Ni chombo cha Google cha kufuatilia tovuti yako: ukithibitisha kwamba tovuti ni yako, inakuonyesha kurasa zipi zimeingia kwenye faharasa, zipi zimekataliwa na kwa sababu gani. Unaipa ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako zote, na ukitoa ukurasa mpya unaweza kuiomba Google ije iusome.

Mimi kinachonipeleka huko kila mwezi ni ripoti ya utendaji. Humo unaona maneno yenyewe ambayo watu waliandika hadi ukurasa wako ukatokea mbele yao, umetokea mara ngapi, wangapi wamebofya. Kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi miezi 16. Usikubali fundi aisajili kwa barua pepe yake peke yake. Iwe kwa barua pepe yako, yeye umpe ruhusa ya kuingia.

Niandike maneno gani ili watu wanipate?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu lake liko kaunta kwako.

Kuna dada mmoja anauza dagaa pale Mwanga, hapa Kigoma. Tovuti yake ya kwanza ilifunguka na neno "Karibu", chini yake aya mbili kuhusu huduma bora na kujali wateja. Nilimwomba ruhusa nikae kwenye benchi lake mchana mmoja na daftari, niandike kila wanachouliza wateja, maneno yaleyale yanavyowatoka. Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyechota dagaa kiganjani, akawasugua kwa kidole gumba, akauliza, "Hawa hawana mchanga, mwanangu?" Akajibiwa, "Hawana, mama. Hawa ni wa chanja, hawajagusa chini." Baada yake alikuja kijana anayetaka kuwapelekea wakwe zake Morogoro: mzigo unafungwaje, unakwenda na basi lipi, nikikulipa leo unatoka lini? Mwingine akapiga simu kutoka Dodoma kuuliza kilo tano zinafika shilingi ngapi pamoja na usafiri, na wakikaa mwezi wataharibika? Hadi jioni nilikuwa na maswali kurasa mbili za daftari.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa limejibiwa kwenye tovuti yake. Na maswali hayohayo ndiyo watu huandika Google, maana mtu aliye Dodoma hana kiganja cha kusugulia dagaa walio Mwanga, anasugua kwa maneno: "dagaa wa kigoma wasio na mchanga". Google inapokea maneno hayo na kutafuta ukurasa unaoyajibu. Ukurasa wa huduma bora haujibu chochote.

Tukaketi tukaandika ukurasa upya. Tukaeleza kwamba dagaa wanaoanikwa chini huokota mchanga, ila dagaa wake wanaanikwa kwenye chanja zilizoinuliwa, hivyo hawahitaji kuoshwa mara tatu kabla ya kupikwa. Tukaweka picha ya chanja zenyewe asubuhi, dagaa bado wanang'aa. Tukaandika bei kwa kilo na kwa debe, na tarehe bei ilipobadilishwa mara ya mwisho. Tukaeleza namna mzigo unavyofungwa, unavyosafirishwa, mteja anavyolipa, na namna ya kuwahifadhi nyumbani. Miezi kadhaa baadaye, nilipofungua Search Console yake, maneno "bila mchanga" na "wasio na mchanga" yalikuwa yamejaa kwenye orodha. Alifurahi, na mimi nilifurahi zaidi yake.

Kwa hiyo chukua daftari. Siku tatu au nne, andika kila unachoulizwa dukani, kwenye simu, kwenye WhatsApp. Usiyasafishe maneno. Mteja akisema "kiti cha mninga bei gani", usiandike "samani za mbao ngumu zenye ubora". Halafu uyaandike hayohayo Google taratibu, uone inavyokumalizia sentensi, na ukishuka chini uone maswali mengine yanayofanana ambayo watu huuliza. Hiyo nayo ni bure.

Je, nirudierudie "dagaa wa Kigoma" mara nyingi ili Google inielewe?

Hapana. Andika kama unavyoongea. Kurasa zilizojazwa neno moja kila mstari Google huzitambua kama hila, na mteja akizisoma anahisi kuna kitu hakiko sawa. Vilevile kile kisehemu cha maneno muhimu ambacho mafundi wengine hujaza nyuma ya ukurasa, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haikitumii katika kupanga matokeo ya utafutaji. Anayekutoza hela kwa kukijaza leo anakupotezea.

Kichwa cha ukurasa kina uzito gani?

Mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ni ile mistari ya rangi ambayo mtu huibofya kwenye matokeo. Tovuti nyingi ninazoletewa, kila ukurasa una kichwa kimoja: jina la kampuni, au "Nyumbani". Kila ukurasa uwe na kichwa chake kinachotaja kitu na mahali. "Vyumba na bei, gesti Kigoma mjini karibu na stesheni" kinamwambia msafiri anayeshuka kwenye treni kila anachotaka kabla hajabofya. Maelezo mafupi yanayokaa chini ya kichwa hayakupandishi nafasi, lakini ndiyo yanayomshawishi mtu akubofye wewe badala ya jirani, kwa hiyo yaandike kwa moyo. Google wakati mwingine huyabadilisha na kuweka sentensi nyingine kutoka kwenye ukurasa wako. Hilo ni la kawaida.

Niandike Kiswahili, Kiingereza au Kifaransa?

Inategemea nani ananunua kwako. Anayeuza dagaa, mawese au vitenge kwa watu wa Dar, Mwanza na Tabora aandike Kiswahili, na asione haya. Kurasa nzuri za Kiswahili kuhusu bidhaa zetu bado ni chache, ndiyo maana mfanyabiashara mdogo akiandika vizuri ana nafasi ya kweli ya kukaa juu. Kwa Kiingereza unashindana na dunia nzima.

Mwenye gesti au boti anahitaji Kiingereza pia, maana mgeni anayetaka kuona sokwe wa Gombe hatatafuta kwa Kiswahili. Na kama unauza vifaa kwa wafanyabiashara wa Bujumbura au wa Kalemie ng'ambo ya ziwa, ukurasa mmoja wa Kifaransa unalipa. Ninachosisitiza ni kwamba kila lugha iwe na ukurasa wake na anwani yake. Aya ya Kiswahili, aya ya Kiingereza, aya ya Kiswahili ndani ya ukurasa mmoja humchanganya msomaji na Google pia. Kuna alama ya kitaalamu, hreflang, inayoiambia Google kwamba kurasa hizi ni moja kwa lugha tofauti. Kiswahili alama yake ni sw. Na usitegemee mashine ikutafsirie uchapishe bila kusoma. Tafuta mtu anayeijua lugha hiyo, mlipe.

Wateja wangu wote wako WhatsApp na Instagram. Tovuti ya nini?

Walioko huko ni wanaokujua tayari. Ulichoweka status kinafutika baada ya saa 24, na mazungumzo ya WhatsApp Google haiyasomi. Mtu asiyelijua jina lako, anayejua shida yake tu, anaanzia kwenye utafutaji. Endelea na WhatsApp, weka na kitufe chake kwenye tovuti, ila majibu yako mazuri usiyaache yazikwe kwenye chati.

Duka langu halionekani kwenye ramani. Nafanyaje?

Hapa usicheleweshe, maana kwa biashara inayofikiwa kwa miguu au kwa bajaji, ramani inaweza kukuletea watu haraka kuliko tovuti. Unafungua wasifu wa biashara, Google Business Profile, ambao ni bure. Google itataka uthibitishe kwamba biashara ipo, siku hizi mara nyingi kwa video unayorekodi kwa simu: unaonyesha mtaa, bango la duka, kisha unaingia ndani uonyeshe kwamba wewe ndiye mwenye funguo, yaani kaunta, stoo, leseni ukutani. Irekodi mchana kukiwa na mwanga, mfululizo bila kukata. Wengi hurudishwa kwa sababu bango halisomeki, au hawana bango kabisa. Chora bango kwanza.

Google inasema inapanga biashara za ramani kwa kuangalia mambo matatu: biashara yako inahusiana vipi na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inajulikana kiasi gani. Umbali huna la kuufanya. Uhusiano unautengeneza kwa kuchagua aina sahihi ya biashara. Fundi wa pikipiki aliyejiandikisha kama duka la jumla hatatokea mtu akitafuta fundi pikipiki Gungu. Umaarufu unajengwa taratibu kwa maoni ya wateja na kwa kutajwa na tovuti nyingine.

Halafu kuna alama yenyewe ya mahali. Nilimkuta mzee mmoja wa Ujiji ambaye wateja wake walikuwa wanafikishwa na bodaboda mtaa wa tatu kutoka kwake, wanazunguka, wanampigia simu, wengine wanakata tamaa. Alama iliwekwa na kijana aliyekuwa amekaa kwake wakati anamsajilia, simu ikachukua mahali alipo yeye. Tulikwenda mimi na mzee hadi mlangoni kwa duka, tukaikuza ramani hadi mapaa yakaonekana, tukaiburuta alama ikakaa juu ya bati lake. Dakika tano. Tumia pia jina la mtaa na namba ya jengo ulizopata kwenye operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, na uongeze maelezo ambayo mtu wa hapa angempa mgeni: mkabala na msikiti, juu kidogo ya soko. Jina la biashara, simu na anwani viandikwe sawasawa kila mahali, kwenye ramani, kwenye tovuti, kwenye Facebook. Ukibadilisha laini ya simu, zunguka kote ukaibadilishe.

Wanaofanyia kazi nyumbani na kupeleka mzigo kwa mteja wanaweza kuficha anwani na kutaja maeneo wanayohudumia tu.

Nilikuwa na tovuti ya bure niliyopewa na Google kwenye ule wasifu. Imekwenda wapi?

Google ilizizima Machi 2024. Wasifu wako wa ramani bado upo, tovuti ile hairudi. Kama kiungo chake bado kiko kwenye kadi zako au kwenye Instagram, kiondoe leo.

Maoni ya wateja nayapataje?

Kwa kuomba. Mteja akikusifia kwa mdomo, mwambie, "Kaka, nisaidie uliandike hilo Google," umtumie kiungo palepale. Usinunue maoni, usiwaandikishe ndugu ambao hawajawahi kununua, na usitoe punguzo kwa anayekupa nyota tano. Yote hayo yamekatazwa na Google na yanaweza kufutwa. Jibu kila maoni, hasa ya lawama, kwa utulivu. Anayefikiria kuja kwako anasoma ulivyomjibu aliyekasirika.

Tovuti yangu ni nzito. Hilo linahusiana na Google?

Linahusiana, ila kwanza linahusiana na bando la mteja wako. Google sasa inasoma tovuti kwa jicho la simu, si la kompyuta. Ilitangaza mwaka 2016 kwamba inaelekea huko, na ikasema Oktoba 2023 kwamba imekamilisha. Kwa hiyo kama kwenye simu menyu imefichika au maandishi ni madogo kama chawa, hiyo ndiyo tovuti Google inayoiona.

Uzito mwingi unatoka kwenye picha. Simu ya leo ikipiga picha moja inatoa faili la megabaiti nne au tano. Ukipandisha picha kumi hivyohivyo, mtu aliye mwaloni Kibirizi mwenye bando la mchana anapakua megabaiti 40 ili aone migebuka. Hataisubiri. Punguza upana hadi pikseli 1,200 hivi, ibane, itunze kwa WebP, muundo wa picha nyepesi, itashuka chini ya kilobaiti 200 na jicho halitaona tofauti. Baada ya hapo pima kwa PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, ambacho ni bure pia. Google inataka kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, na kurasa zisirukeruke wakati mtu anataka kubofya. Mimi huongeza kipimo changu: nazima waifai, nashuka hadi mahali mtandao unaposuasua, nafungua tovuti kwa simu ya bei ya kawaida, nahesabu.

Jambo jingine kuhusu picha. Tunapenda mabango: bei, simu, bidhaa zote zimeandikwa ndani ya picha moja ya rangirangi. Usiitegemee Google isome bei iliyochorwa ndani ya picha, na mteja hawezi kuinakili namba yako ya simu. Bango liweke, lakini kila kilichoandikwa humo kiandike tena kwa maandishi ya kawaida chini yake. Kila picha ipe na maelezo mbadala kwa sentensi moja: "Dagaa wakianikwa kwenye chanja, Kigoma". Asiyeona anasomewa na simu yake, na Google inaelewa picha inahusu nini.

Nitapataje tovuti nyingine zinielekezee viungo?

Kwa kuandika kitu ambacho mtu mwingine atataka kukionyesha. Google ilipoanzishwa mwaka 1998, wazo la Larry Page na Sergey Brin lilikuwa kwamba kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni kama ushahidi, na ushahidi wa mtu mzito una uzito zaidi. Mambo mengi yameongezeka tangu wakati ule, lakini hilo bado lipo.

Chukua mwenye gesti. Ukurasa unaosema "tuna vyumba safi" hakuna atakayeuelekezea kiungo. Lakini wageni wanahangaika kujua Gombe inafikiwaje. Andika ukurasa mmoja kamili: hifadhi iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, barabara ya gari haifiki, unakwenda kwa boti, boti za abiria zinaondokea wapi na kwa nini boti ya kukodi inagharimu zaidi, ziwa linachafuka saa ngapi, mtu alale mjini siku ngapi. Eleza kwamba Jane Goodall alifika pale Julai 1960 kuwachunguza sokwe, na eneo likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Eleza kwamba Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, iko mbali zaidi kusini na inahitaji mpango wake. Mwambie pia kuhusu Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na kwamba kutoka mjini anaweza kwenda na kurudi kwa bajaji. Ukurasa wa namna hiyo wasafiri wataushirikishana, na kampuni za utalii zitauelekezea. Unayajua haya yote kwa sababu unaishi hapa. Mwandishi aliye London hajui ziwa linachafuka saa ngapi.

Viungo vingine viko karibu: anayekuuzia mbao, hoteli unayoipelekea samaki, chama chenu cha ushirika. Kama mnafanya kazi kweli, waombe wakutaje kwenye tovuti zao.

Kuna mtu ananiahidi nafasi ya kwanza Google nikimlipa. Nimlipe?

Usimlipe. Google yenyewe imeandika wazi kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Ninaumia nikisikia hadithi hizi, kwa sababu fedha inayotoka ni mtaji wa mtu. Mama mmoja alilipa, akaonyeshwa jina la duka lake likitokea la kwanza. Ni kweli lilitokea, lakini alikuwa ametafuta jina lake mwenyewe, ambalo hakuna mwingine analo duniani. Alipojaribu "sabuni ya mawese Kigoma" hakujiona popote.

Wengine hukununulia viungo mamia kutoka tovuti zisizojulikana. Google imekuwa ikizipiga vita hila hizo kwa nguvu tangu mwaka 2012, na tovuti inaweza kushushwa kwa ajili yake. Fundi mwaminifu atakuambia atafanya nini wiki hii, kwenye ukurasa upi, na atakuonyesha kwenye Search Console yako mwenyewe.

Nikilipia matangazo ya Google, nafasi yangu ya kawaida itapanda?

Haitapanda. Tangazo linaonekana unapolilipia na linatoweka unapoacha. Ni vitu viwili tofauti.

Akili mnemba iniandikie kurasa?

Google ilisema Februari 2023 kwamba inaangalia ubora wa maandishi, si namna yalivyotengenezwa. Machi 2024 ikaweka wazi kwamba kutoa kurasa lukuki kwa lengo la kupandisha nafasi tu ni kosa, ziwe zimeandikwa na mashine au na mtu. Ushauri wangu: iache ikusaidie kupanga au kusahihisha herufi. Lakini mashine haijawahi kukaa kwenye benchi pale Mwanga. Ukiiambia iandike kuhusu dagaa itakupa aya za lishe ambazo kila mtu anazo, na haitasema chochote kuhusu mchanga.

Nitasubiri muda gani?

Wataalamu wa Google waliwahi kutaja miezi minne hadi mwaka mmoja tangu unapoanza kurekebisha hadi uone faida. Kwa uzoefu wangu wa hapa, ramani hujibu ndani ya wiki, maneno mahususi kama "wasio na mchanga" ndani ya miezi michache, na neno pana kama "dagaa" linachukua muda mrefu sana. Anza na mahususi.

Kikoa cha .co.tz au .com?

Kikoa ni jina la anwani ya tovuti yako. Kama wateja wako ni wa Tanzania, .co.tz kinaieleza Google na watu kwamba uko hapa. Cha .com hakikuzuii. Muhimu kuliko herufi hizo ni kwamba kikoa kisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako. Nimeona biashara iliyopoteza anwani ya miaka mitano kwa sababu aliyeisajili aliisajili kwa jina lake, wakakosana, akaondoka nayo. Hakikisha pia anwani inaanza na https, ishara kwamba mawasiliano na tovuti yamelindwa. Google ilianza kuihesabu katika kupanga matokeo mwaka 2014, na cheti chake siku hizi kinapatikana bure, kwa hiyo usitozwe laki kwa ajili yake bila maelezo.

Na Bing?

Ni injini ya utafutaji ya Microsoft. Sajili tovuti yako huko pia, ni bure na inachukua dakika chache.

Nabadilisha tovuti, na duka nalo linahama kutoka Mwanga kwenda Mwandiga. Nitapoteza nilichojenga?

Hutapoteza ukihama kwa mpango. Kabla fundi hajagusa chochote, orodhesha anwani zote za kurasa za zamani. Kila moja ielekezwe kwenye ukurasa mpya unaofanana nayo kwa maelekezo ya kudumu, yanayoitwa 301. Usikubali zote zielekezwe ukurasa wa mbele. Aliyekuwa anasoma namna ya kuhifadhi dagaa akitupwa kwenye "Karibu" anaondoka, na Google nayo inauhesabu ule ukurasa kuwa umekufa. Maelekezo hayo yaache yakae mwaka mzima au zaidi.

Kwenye ramani usifungue wasifu mpya. Badilisha anwani kwenye ule wa zamani, ili maoni ya wateja yahame nawe, na ujiandae kurekodi video tena wakikuomba uthibitishe. Piga picha ya bango jipya siku hiyohiyo uipandishe. Na pale Mwanga, kabla hujakabidhi funguo za fremu, bandika karatasi mlangoni yenye mahali ulipohamia na namba yako ya simu.